Kwa nini maji ya Lane yametulia hivyo

Ndugu, umeuliza kama "Boston Harbor" ya mchoraji Mmarekani Fitz Henry Lane, inayoonyesha bandari ya Boston, ni picha ya kamera iliyopakwa rangi. Hapana, ni rangi ya mafuta kwenye turubai, ya miaka ya 1850 hivi. Anza kutazama matanga, si maji. Yamepandishwa lakini yananing'inia tu, hayana upepo, kwa hiyo umeshaamini utulivu kabla jicho halijashuka chini. Halafu sogea karibu: rangi imelainishwa mpaka huoni brashi ilipopita, na mwanga wa jioni unatoka angani kuingia majini taratibu mno. Anga nalo amelipa sehemu kubwa ya turubai, mji unaonekana kwa mbali tu, pamoja na kuba la jengo la serikali ya jimbo.

Kuhusu zile kamba za milingoti ulizosema ni nyembamba kupita kiasi: Lane alizaliwa Gloucester, mji wa wavuvi, mwaka 1804, akajifunza kazi Boston kwenye karakana ya kuchapa picha kwa mawe. Merikebu alizijua kamba kwa kamba. Kwangu mimi hakuna Mmarekani wa enzi ile aliyechora bandari vizuri kumshinda. Picha yenyewe ipo kwenye jumba la makumbusho la Museum of Fine Arts, hapo hapo Boston.