Paka wa Sokoke si chotara wa paka mwitu

Wengi huuliza kama paka wa Sokoke ni chotara wa paka mwitu. Hapana, ni paka wa nyumbani kabisa, hana damu ya paka pori. Asili yake ni pwani ya Kenya, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na Wagiriama walikuwa wakimwita kadzonzo tangu zamani. Mwaka 1978 mwanamke mmoja, Jeni Slater, alichukua vitoto vya paka hawa karibu na Watamu akaanza kuzalisha. Miaka ya 80 wengine wakapelekwa Denmark, na FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafugaji paka, ikaitambua mbegu hiyo mwaka 1993.

Kinachowadanganya watu ni rangi. Ana mistari mipana ya kahawia inayojizungusha ubavuni kama gome la mti mkavu, na ukichambua unywele mmoja mmoja hata ndani ya mstari wenyewe utaona vipande vya rangi ya mchanga. Ncha ya mkia ni nyeusi. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, ndiyo maana hutembea kama ananyata. Ila usimtambue kwa mistari pekee, maana paka wengi wa mtaani wanayo. Tazama miguu na mwendo, kisha udai cheti cha ukoo.

Tabia: mchangamfu, mpanda juu, humganda mtu wake. Mwekee mahali pa kupanda, hatulii chini. Manyoya yake ni mafupi, yamelala, na karibu hayana sufu ya ndani, kwa hiyo nchi za baridi alale ndani.