Mgeni wetu tumemnyang'anya jembe

Swali lenu la wiki hii mmeuliza, kwa aliyewahi kusoma ugenini muda mrefu au aliyekaa na mwanafunzi mgeni nyumbani kwake, zile wiki za mwisho zinakuwaje. Mi najibu kwa upande wa wenyeji, maana najua wengi watakaowaandikia ni wale waliosafiri, na sisi tunaobaki huwa hatuulizwi.

Hapa kwetu Magomeni, Bagamoyo, tunaishi na binti kutoka Ujerumani, kaja kujifunza ngoma na ala za asili. Alifika mwezi wa tisa mwaka jana na anaondoka mwezi huu wa saba, zimebaki siku 19. Kwa mji wetu hilo si jambo geni, Chuo cha Sanaa kipo tangu 1981, mwaka 2007 ndio kikawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa hiyo mzungu akipita mtaani na zeze begani hata watoto hawageuki. Ila kukaa nae nyumba moja miezi kumi, mnagombania bafu asubuhi, anakuuguza na wewe unamuuguza, hicho ni kitu kingine kabisa.

Bibi yangu aliufuata ule msemo kama ulivyo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu kweli akamkalisha kwenye mbuzi akampa nazi. Alikuna vibaya jamani, akajikata kidole, nazi ikatoka vipande vipande, bibi akazifunga zile chicha akachujia hivyo hivyo na wali tukala. Kufikia mwezi wa kwanza alikuwa anakuna vizuri kuliko mimi. Akawa na zamu zake, kuosha vyombo jioni ni yeye, Jumamosi kwenda kununua samaki ni yeye, na wale wachuuzi wakawa wanamwita kwa jina alilopewa na bibi, jina la marehemu dada yake.

Sasa mambo yameanza kubadilika tangu tiketi ilipothibitishwa. Alibandika karatasi ukutani, kaandika sehemu zote ambazo hajaenda na zawadi za kununua, Kaole, Misheni, khanga za mama yake, kofia ya baba yake, basi kila siku anatoka asubuhi anarudi usiku. Na mimi nikamsaidia kuharibu. Akishika vyombo namwambia acha bwana, we unaondoka, pumzika. Samaki nikaenda kununua mwenyewe. Yaani bila kujua tulikuwa tunamrudisha kuwa mgeni, tunamnyang'anya jembe tulilompa wenyewe, na yeye akawa anakula anasema asante kama yuko hotelini.

Bibi ndiye aliyeona. Jioni moja akanishika mkono akaniuliza, "Huyu mwenzio kaondoka lini?" Nikamwambia bibi bado, yupo chumbani. Akasema, "Mimi simuoni."

Niliumia kwa sababu nilikumbuka mgeni tuliyekuwa nae kabla yake. Yule wiki tatu nzima za mwisho zilikuwa kuaga tu, leo sherehe huku kesho sherehe kule, siku ya kuondoka yenyewe tulikuwa tumechoka wote, tukapeana mikono pale kwenye gari na nikaona kabisa hakuna kilichobaki cha kusema. Simlaumu. Nadhani alidhani ndio inavyotakiwa.

Basi nikamfuata huyu wa sasa chumbani nikamwambia ukweli. Nikamkuta amepiga magoti nyuma ya mlango ana kiboksi cha kiberiti mkononi, anabandua utando wa buibui. Kama hamjui, ilimba ya Wagogo, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ina kitundu ambacho kinazibwa na ule utando mweupe mgumu wa buibui, ndio unaotoa ule mvumo wa zzzz chini ya sauti, ukichanika ilimba inabaki kavu haina ladha. Ngoma yake anatuachia, wenzake wamemwambia ngozi ya mnyama inaweza kumletea shida forodhani kwao, ila ilimba anaibeba, na ameanza kukusanya utando wa akiba kwa sababu hajui kama buibui wa kwao wanatengeneza wa aina hiyo. Alikuwa amewakataza watoto wasifagie ile kona. Nikakaa nae chini tukatafuta wote, tukapata vinne, tukavipanga kwenye kiberiti kwa ncha ya sindano yangu ya kushonea, kimoja kikapasuka tukanyamaza wote kama tumevunja kikombe cha watu. Tangu tiketi ithibitishwe hiyo ndio saa ya kwanza tuliyokaa bila kuzungumzia kuondoka, na ndiyo nitakayoikumbuka.

Sisemi asitembee. Jumapili iliyopita aliniomba nimsindikize sehemu ambayo haikuwa hata kwenye ile karatasi yake, kule karibu na ufukwe penye ukumbusho wa watu walionyongwa na Wajerumani. Mwaka jana alipelekwa pale na wenzake, wakapiga picha wakapita. Safari hii alisimama muda mrefu, kusi linavuma mpaka khanga yangu inataka kuondoka, hakupiga picha. Tuliporudi akamuuliza bibi, miezi kumi nakula kwako, mbona hujawahi kunisema? Bibi asili yake ni Pangani, na Pangani ndiko Wajerumani walikomnyonga Abushiri, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi yao, mwaka 1889, kwa hiyo habari hizi kwake si za kitabuni. Akamjibu, "Mjukuu wangu, wewe hukuniulizia. Leo umeuliza, kaa." Akamhadithia mpaka isha. Swali lile mtu hawezi kuliuliza mwezi wake wa kwanza hapa, ulimi haujawa mwepesi na hajamzoea anayemuuliza, ndio maana nasema zile wiki za mwisho ni za thamani mno kumalizia kwenye maduka ya zawadi.

Kwa hiyo sasa zamu zimerudi. Karatasi kaiacha ukutani ila amekata nusu yake kwa kalamu. Vyombo anaosha. Na bibi kagundua kuwa miezi yote hii binti anakuna na kukamua lakini hajui kutenga, anachanganya kasimele, lile tui zito la kwanza, na tui jepesi humo humo, halafu anashangaa mchuzi unakatika. Bibi kasema haondoki mtu hapa kwenda Ulaya na aibu hiyo. Kesho kapewa samaki wa kupaka apike peke yake, nazi akachague mwenyewe sokoni, azitikise sikioni asikie maji, na mimi nimekatazwa kumfuata.