Mgeni akipiga hodi kwenye tovuti ya lugha ya programu

Tangu niseme kwamba Jumamosi huwa nakaa na vijana hapa Kisumu tukirekebisha kurasa za tovuti ya lugha ya programu, yaani lugha ya kuiagiza kompyuta kama Python, bila malipo, maswali hayaishi. Leo najibu matano.

*Fundi, niko mwaka wa pili Maseno. Python naijua kidogo tu, vitanzi, yale maagizo ya kurudia-rudia, bado vinanitoa jasho. Nitasaidia nini?*

Hicho kidogo ndicho tunachokitafuta. Aliyeizoea lugha miaka kumi amesahau alipojikwaa siku ya kwanza. Wewe kidole bado kinauma. Chukua kisakinishi cha Python kwenye Windows. Kwa miaka mingi kimekuwa na kisanduku kidogo chini kabisa, cha kuiongeza Python kwenye PATH, orodha ya mahali kompyuta inapotafuta programu, nacho huja bila tiki. Mgeni hubofya haraka haraka hadi mwisho, afungue dirisha jeusi la kuandikia amri, aandike python, isifunguke. Anadhani kompyuta ni mbovu, au yeye ndiye mbovu. Sentensi moja kwenye ukurasa wa kupakua, "weka tiki hapa kwanza", ingemwokoa.

Nami nina langu. Nilikuwa nimeandika mwongozo, nikajisifu. Nikampa mpwa wangu wa Kondele ausome huku nikimtazama. Hatua ya pili ilisema "fungua terminali", yaani lile dirisha jeusi. Akainua macho: "Mjomba, terminali ya mabasi?" Nikaifuta palepale. Sasa panasema: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo tafuta mtu ambaye hajawahi kuandika programu, mpe tovuti, kisha ufunge mdomo. Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu. Kila anaposimama, andika.

*Sisi ni watatu, Section 58, Nakuru. Tulipendekeza ukurasa wa mbele uwe na video kubwa na maandishi ya kijivu laini, ya kisasa. Wenye mradi wamekataa. Ni wivu?*

Si wivu. Piga hesabu: ukurasa wenye uzito wa megabaiti 6 ukifunguliwa mara 17 tu, bando la megabaiti 100 limekwisha, na mtu hajajifunza hata kujumlisha. Hiyo kijivu nayo ina kipimo. Miongozo ya kimataifa ya tovuti, WCAG, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Ukitaka kipimo cha mtaani, simama Kenyatta Avenue saa saba mchana na simu yako, uone kama unasoma.

Mvuto wa lugha ya programu ni msimbo wenyewe, yale maandishi ya programu. Ukurasa wa mbele wa Python unaonyesha mifano mifupi, na kuna kitufe cha kuijaribu bila kusakinisha chochote. Wenye lugha ya Go nao wana somo zima unaloliendesha ndani ya kivinjari, hata kwa simu. Wenye lugha ya Rust walipozindua tovuti mpya Desemba 2018, mfano wa msimbo ukaondoka ukurasa wa mbele, na lawama zikamiminika. Watu walitaka kuiona sura ya bibi harusi kabla ya kusomewa sifa zake.

Lakini mfano nao una mitego. Wenye lugha ya Haskell waliweka mistari michache ya kutafuta namba tasa, mizuri ajabu, wakaiita chujio. Wajuzi wakapinga kwamba chujio la kale la Mgiriki Eratosthenes halifanyi kazi hivyo: lile hukata vigawe vya kila namba tasa, huu msimbo hujaribu kugawanya namba moja moja. Mimi ningelalamikia jambo jingine. Mgeni aliyekuja kutafuta njia ya kupanga orodha ya wateja wake ana haja gani na namba tasa? Mwonyesheni anavyosoma faili na kujumlisha mauzo ya wiki.

*Mimi ni mwalimu wa kompyuta, Kakamega. Tukitafsiri tovuti kwa Kiswahili, neno "code" tuliite "kodi"? Na tuanzie wapi?*

Mwalimu, kodi tunazo za kutosha, ya nyumba na ya serikali. Sema msimbo. Maneno ya lugha yenyewe, kama print na while, yaache yalivyo, maana kompyuta haitayaelewa vingine.

Msianze na kila kitu. Python waliandika utaratibu rasmi wa tafsiri mwaka 2017, Kijapani na Kifaransa zikiwa miongoni mwa za mwanzo. Ili lugha iingie kwenye orodha ya kuchagua juu ya ukurasa, hutakiwa kukamilisha somo la kuanzia, ukurasa wa kuripoti kasoro na ule wa funksheni za ndani, zile amri zinazokuja na lugha yenyewe. Basi. Mengine yatafuata. Darasa lako likishika sura moja ya somo kila mwezi, mnasogea.

*Busia hapa. Nitalipwa?*

Kwa kawaida, hapana. Kazi yako itabaki hadharani kwa jina lako, na unaweza kumwonyesha mwajiri. Ukiombwa pesa za kujiunga, kimbia.

*Fundi, nilituma marekebisho 14 kwa siku moja, mengi ni koma na nukta, moja ni kiungo kisichofunguka kwenye ukurasa wa kupakua. Yote yamefungwa bila kupokelewa, bila salamu. Nyalenda.*

Pole, ndugu yangu. Umelipia deni la wengine. Oktoba 2020, shindano la Hacktoberfest lilikuwa likitoa fulana kwa aliyetuma michango minne kwa miradi ya programu huria. Miradi ikafurikwa na mabadiliko ya neno moja yasiyo na maana, hadi waandaaji wakabadilisha kanuni mwezi huohuo, ikahesabiwa tu miradi iliyokubali kushiriki. Tangu hapo, mtunzaji wa mradi akiona rundo la koma hushtuka. Naye ana kazi yake ya mchana, tovuti anaigusa usiku.

Kukosa salamu, hilo si ungwana, nakubaliana nawe. Acha wiki ipite. Kisha tuma kile kiungo peke yake, useme ulikibofya ukapata nini, na anwani sahihi ni ipi.