Malezi ya Kambo Marekani: Someni Ukurasa wa Malipo Kwanza

Ni kweli sheria ya Texas ya 2017 imewakabidhi mashirika binafsi watoto wote wa malezi ya kambo, yaani walioondolewa kwao na kulelewa kwa muda na watu wengine chini ya jimbo?

Si kweli. Sheria hiyo, SB 11, inakwenda eneo kwa eneo, tena kwa hatua. Kwanza mkandarasi mmoja wa eneo, yaani shirika lililopewa mkataba, anatafuta walezi na huduma. Hatua ya pili anachukua usimamizi wa kesi, wakiwamo watoto wanaoishi kwa ndugu. Ya tatu ndipo matokeo yake yanapomletea tuzo au makato. Uchunguzi wa ukatili unabaki kwa idara ya jimbo ya ulinzi wa familia, DFPS. Anayewaambia jimbo limenawa mikono hajaisoma.

Mbona wakandarasi wanaacha kazi katikati ya mkataba? Si wanakula hela tu?

Mishahara minono ipo, na Florida imeiwekea ukomo: fedha ya umma haimlipi mkuu wa shirika zaidi ya asilimia 150 ya mshahara wa katibu wa idara. Lakini pengo kubwa haliko hapo. Mkandarasi hupewa fungu lililokadiriwa mapema, huku mkataba ukimzuia kukataa mtoto. Watoto wakiongezeka, au wakija wenye mahitaji mazito, gharama inapanda na fungu linabaki lilelile.

Kansas walianza miaka ya 1990 kwa kulipa kiasi kimoja kwa kesi nzima. Mtoto akikawia kurudi nyumbani, hasara ni ya mkandarasi. Ikabidi wahamie malipo ya kila mwezi.

Nebraska hawakujifunza. Mwaka 2019 shirika la Saint Francis Ministries lilishinda zabuni ya eneo la Omaha kwa takriban dola milioni 197 kwa miaka mitano, wakati PromiseShip, iliyokuwa ikifanya kazi hiyo, ilitaka takriban milioni 341. Sheria ya jimbo inataka afisa anayesimamia kesi za watoto asizidi kesi 17, na kwa bei ile maafisa wa kutosha wangetoka wapi? Mapema 2021 jimbo likaongeza fedha kwa mkataba wa dharura. Kabla mwaka haujaisha pande mbili zikakubaliana kuachana, kazi ikarudi serikalini. Zabuni ya bei ya kutupa katika kazi hii hulipwa na mtoto anayebadilishiwa afisa kila baada ya miezi michache.

Kwa hiyo mbunge wenu akija na "mageuzi", mwulizeni: malipo yanahesabiwa kwa siku, kwa mwezi au kwa kesi? Kuna mfuko wa akiba idadi ya watoto ikiruka? Mkandarasi akijitoa anatoa notisi ya siku ngapi, na mafaili yanabaki kwa nani?

Malipo ya kulea yanakatwa kodi?

Kodi ya mapato ya serikali kuu, kwa kawaida hapana: kifungu cha 131 cha sheria ya kodi. Tunza karatasi inayoonyesha nani amekulipa.

Nikilea mtoto nitalipwa shilingi ngapi?

Dola, si shilingi. Jimbo gani? Mtoto wa umri gani, mwenye mahitaji gani? Una leseni? Swali lisilo na hayo halijibiki.

Mimi ni shangazi wa mtoto. Kwa nini jirani analipwa zaidi yangu?

Huenda jirani ana leseni, dada, na wewe huna. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1979, katika Miller v. Youakim, kwamba ndugu aliyetimiza masharti hanyimwi malipo ya serikali kuu eti kwa sababu ni ndugu, mradi mtoto mwenyewe anastahili. Kustahili huko bado kunapimwa kwa viwango vya umaskini vya Julai 1996, jambo la aibu. Tangu 2023 majimbo yanaruhusiwa kuwawekea ndugu masharti mepesi ya leseni. Uliza kwa maandishi kama jimbo lako limefanya hivyo, sharti lipi linasameheka (ukubwa wa chumba, huenda; alama za vidole, sahau), na malipo yanaanza siku gani.

Hukuuliza, lakini angalia pia ulisaini nini. Afisa akikuachia mtoto kwa karatasi ya "mpango wa usalama" bila kesi mahakamani, kisheria mtoto huyo hayumo katika malezi ya kambo, na fungu lake halikuhusu hata ukipata leseni kesho.