Usimwambie mshereheshaji aseme ni hitilafu ya umeme

Hapana. Futa hiyo. Nilikuwa nimetulia zangu na kahawa mpaka nilipofika pale ulipoandika kwamba harusi ya dada yako, ukitokea moto ukumbini, umeshapanga na mshereheshaji aseme "hitilafu ndogo ya umeme" ili wanawake wasitaharuki. Mdogo wangu, maneno hayo hayo ndiyo niliyoyatangazisha mie kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, hapa hapa mjini Unguja, na shangazi yangu mpaka leo anatembelea mkongojo.

Moshi ulianzia nyuma ya jukwaa, kwenye nyaya za mataa ya mapambo. Mdogo tu, harufu ya plastiki. Mie ndiye niliyesimamia shughuli upande wetu, nikamfuata msimamizi wa ukumbi. Yule bwana kanikazia macho: "Bi mkubwa, ukitaja moto hapa watauana. Wanawake hawa. Sema umeme." Na mie nikamsikiliza! Mie ambaye hata mume wangu simsikilizi. Mshereheshaji akashika maikrofoni, akaomba radhi kwa hitilafu ndogo, endeleeni kukaa, taarabu inarudi sasa hivi.

Wakakaa. Taharuki iko wapi? Kila mmoja anamtazama wa pembeni yake: huyu hajainuka, basi hakuna jambo. Wamarekani wawili, Latané na Darley, walilipima hili na kuliandika mwaka 1968. Mtu anawekwa chumbani ajaze fomu, kisha moshi unaingizwa kwa tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Waliowekwa na watu wawili waliopangwa wajifanye hawaoni kitu, asilimia 10 tu. Waliobaki walikohoa, wakapepea moshi kwa mkono, wakaendelea na fomu zao. Sasa sie tulikuwa ukumbi mzima wa watu wanaotazamana hivyo, na juu yake mwenye maikrofoni anawahakikishia kwamba hakuna kitu! Zile dakika, wallahi, ndizo zinazoniuma. Moshi bado mwembamba, njia nyeupe, watoto wamelala mapajani, wangeweza kutoka wote bila ya kukunja hata mtandio.

Halafu taa ikapasuka. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akainuka na mwanawe, safu yake ikainuka, na hapo tena ukumbi wote ukamiminikia mlango mkubwa kama dagaa wanavyofuata karabai. Mlango wa jikoni uko wazi, wapishi wameshatoka zamani na masufuria yao ya biriani, na hakuna aliyegeuza shingo kuutazama. Wameingia kwa mlango mkubwa, mabasi ya kukodi yanawangoja upande huo, na mbele yao wanaona migongo inaelekea huko. Rhode Island, Marekani, Februari 2003, klabu ya The Station iliwaka moto, na ilikuwa na njia nne za kutokea. Wengi walikimbilia mlango wa mbele walioingilia, ukaziba. Moto ule uliua watu 100.

Na wa nyuma hawakuwa na roho mbaya. Wa nyuma haoni kwamba mbele pamekwama, anasukuma kidogo tu, na mwenzake kidogo, na yote hayo yanamfikia aliyebanwa kwenye fremu ya mlango. Huyo alikuwa shangazi. Nyonga. Waliomnyanyua ni wale wale aliokuwa nao ubavuni, na wengine walirudi ndani kutafuta watoto wasiokuwa wao. Ndio hao yule bwana aliosema watauana! Hajui mlango wa nyuma wa ukumbi wake unafungukia ndani au nje, lakini nyoyo za wanawake anazijua yeye. Na bili alituletea kamili, pamoja na ile taa. (Msinicheke. Sare yangu ilipasuka mpaka kwenye pindo na picha zipo, dada yangu kakataa kuzifuta.)

Mei 1977, ukumbi wa burudani wa Beverly Hills Supper Club, Kentucky, huko huko Marekani, nao uliwaka moto. Kijana wa miaka 18, Walter Bailey, kazi yake kuondoa vyombo mezani, alipanda jukwaani wachekeshaji wakiwa katikati ya onyesho, akachukua maikrofoni, akawaonyesha watu milango ilipo, akawaambia kuna moto, tokeni. Baadhi walidhani ni sehemu ya vichekesho. Waliokufa ni 165, lakini wako wengi walionusurika kwa sababu mwondoa vyombo aliitaja milango. Mwondoa vyombo, si meneja.

Kwa hiyo mshereheshaji wako mpe karatasi leo. Iandikwe: kuna moto, uko wapi, meza za upande huu zitoke kwa jikoni, za upande ule kwa mlango mkubwa. Ngoma izimwe kwanza, taa ziwashwe. Asiseme "tokeni" peke yake, maana watatoka kule walikoingilia. Na pale jikoni mweke mtu anayejulikana na ukoo mzima, somo wa bi harusi au yule shangazi mwenye sauti, asimame mlangoni na kuita kwa majina. Tangazo moja mtu anaweza kulipuuza, lakini akiona wenzake wanatoka kwa jikoni na yeye atakwenda.

Uliuliza na mambo mengine, jenereta sijui, na mitungi ya kuzimia moto. Ya mitungi waulize Zimamoto, mie nisije nikakudanganya. Ya viti nimesahau ulitakaje.

Huyo mshereheshaji wenu ni nani lakini? Nitumie namba yake inbox nimpigie mwenyewe.