Mkopo wa asilimia 20 unaogharimu 35

SWALI: Nataka kukopa 1,200 nipanue kazi yangu ya ushonaji. Wakopeshaji wawili wamenitajia riba ileile, asilimia 20 kwa mwaka, kwa miezi 12. Wa kwanza anadai rejesho la 120 kwa mwezi, wa pili 111 na ushei. Nani kakosea hesabu? Na je, mikopo hii kweli inamtoa mtu kwenye umaskini?

JIBU: Hakuna aliyekosea. Wa kwanza anatoza riba ya moja kwa moja: asilimia 20 ya 1,200 ni 240, anaijumlisha kwenye deni kisha anagawa kwa 12. Katika kila rejesho, 100 ni deni lenyewe na 20 ni riba. Kufikia mwezi wa mwisho umebakiwa na 100 tu ya fedha zake, na bado unalipa riba ya 20 kana kwamba unayo 1,200 yote! Wa pili anatoza salio linalopungua, yaani riba ya kila mwezi huhesabiwa kwa deni lililobaki tu, kwa hiyo riba yote ni kama 134. Ukiupima mkopo wa kwanza kwa hesabu ya wa pili, riba yake inakaribia asilimia 35.

Kabla ya kusaini, dai ratiba ya marejesho inayoonyesha salio la kila mwezi, na uulize makato: ada, bima, akiba ya lazima. Ukikatwa asilimia 10 mlangoni, unaondoka na 1,080 huku riba ikihesabiwa kwa 1,200.

Uliza pia rejesho la kwanza ni lini. Likidaiwa baada ya wiki mbili, wakati cherehani mpya haijaingiza kitu, utalilipa kwa kuumega mtaji uleule uliokopa. Katika utafiti mmoja wa Kolkata, India, waliosubiriwa miezi 2 waliwekeza zaidi na faida yao ikapanda. Ila walioshindwa kulipa nao waliongezeka, ndiyo maana wakopeshaji husita.

Kuhusu umaskini, mwanauchumi Muhammad Yunus alianza kukopesha wanakijiji wa Jobra, Bangladesh, mwaka 1976, na mwaka 2006 yeye na Grameen Bank, benki aliyoianzisha kukopesha maskini, wakapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Matumaini yakapaa mno. Tafiti sita za mikopo midogo kama hii, zilizochapishwa mwaka 2015, kutoka Bosnia hadi Mongolia, zilikuta biashara zikipanuka kiasi, lakini kipato cha kaya, kwa wastani, hakikubadilika sana. Kwa maoni yetu, mkopo humfaa mwenye biashara inayozunguka tayari. Chukua faida ya mwezi wako mbaya, ukishatoa gharama na posho yako. Rejesho lisizidi theluthi yake. Kwa 120, faida hiyo isipungue 360.

SWALI: Nikikwama rejesho moja, nikope kwingine nilipe?

JIBU: Hapana. Mwone afisa mikopo kabla ya tarehe, uombe ratiba mpya kwa maandishi. Kama mkopo ni wa kikundi, waambie wenzako mapema, maana wao ndio dhamana yako.