Mnauliza nani wa kwanza, mimi namfikiria wa 36

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: “Drafti ya AFL i mlangoni. Kama chaguo la kwanza lingekuwa mikononi mwako, ungemchukua kijana aliyeiva leo au mwenye mwili wa kesho?” Swali hili limenigusa penye donda. (Kwa mgeni: AFL ni ligi kuu ya mpira wa Australia, na drafti ni siku klabu zake zinapochagua vijana wapya kwa zamu, kwa kawaida iliyoshika mkia ikianza.) Kila mwaka ikifika Novemba, sisi mashabiki wa mpira wa Australia tunagombania jina moja tu, lile la juu kabisa, na silaha zetu ni sekunde na sentimita. Naomba nijibu swali lililokaa ubavuni mwa lenu: imekuwaje tunawapita vijana wa kweli, hali tumewatazama msimu mzima kwa macho yetu?

Nianze na siku ya vipimo, maana ndiko tunakopotelea. Vijana wanakimbizwa mita 20, wanaruka wakiwa wamesimama, wanaruka kwa kukimbia, wanapinda kati ya nguzo, kisha wanamalizia na kilomita 2. Chini ya sekunde 2.9 katika mita 20, watu wanashangilia. Chini ya dakika 6 katika kilomita 2, jina linapanda ngazi kumi kwenye orodha za mashabiki usiku uleule. Lakini mita 20 za ukumbini hukimbiwa katika mstari ulionyooka, mikono mitupu, hakuna anayekuja kukubomoa kwa bega. Uwanjani mpira uko chini, una umbo la yai, unadunda utakako wenyewe, na kijana anatakiwa ainame, aokote, ainue macho, aamue, apige. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wazee walikwisha sema.

Kosa la pili ni umri. Kijana anaingia drafti mwaka anaotimiza miaka 18, ilimradi atimize kabla ya Desemba 31. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanawekwa kwenye mzani mmoja, na katika umri huo miezi kumi na moja ni kilo na misuli. Yule wa kilo 88 anayewasukuma wenzake kama anafungua pazia, tunamwita chuma. Mpelekeni acheze na watu wazima wa ligi za majimbo, SANFL kule Adelaide au WAFL kule Perth, mtaona kama pazia bado linafunguka. Mimi kijana aliyegusa mpira mara 12 mbele ya watu wazima namthamini kuliko aliyegusa mara 28 mbele ya watoto wenzake.

Kosa la tatu ni video fupifupi. Hizo hukatwa na mtu anayempenda kijana. Hazina hata teke moja lililopotea.

Basi atazamwe vipi? Chagua kijana mmoja, robo nzima ya mechi usiufuate mpira, mfuate yeye. Chukua karatasi, andika mambo matatu: mpira alioupata akiwa amebanwa, alichofanya sekunde tatu baada ya kuutoa, na mguu alioutumia. La kwanza linatenganisha waokotaji wa kweli na wanaopewa pasi za ngumi za bure wakiwa peke yao pembeni. La pili linakuonyesha moyo: akishapiga anasimama kutazama kazi yake, au anakimbilia mpambano unaofuata? La tatu ndilo hasa lililonifanya nikae niandike.

Itazameni mikono kabla ya mguu. Mpigaji mzuri anausindikiza mpira kwa mkono mmoja, ule wa upande wa mguu anaopigia, hadi karibu na paja, ndipo anauachia, ncha yake ikiwa imeelekea chini. Mpira unapigwa na sehemu ya juu ya mguu, kifundo kikiwa kigumu, unaondoka ukizunguka kinyumenyume, na mwenzake anaudaka bila shida. Mpigaji mbovu anauachia tokea kifuani. Njiani upepo unaucheza, unalala ubavu, unatua kwenye upande wa kiatu, na unaondoka ukiyumba kama tiara iliyokatika uzi. Kwenye jua na nafasi kosa hili halionekani. Linaonekana Julai, Melbourne, mvua ya ubavu, beki yuko mita moja. Nendeni siku hiyo.

Sasa nimtaje mtu. Mwaka 2000 kulikuwa na kiungo kutoka Mooroolbark, nje kidogo ya Melbourne, akichezea Eastern Ranges katika ligi ya vijana. Sam Mitchell. Alikuwa na umri wa kuchaguliwa. Drafti ikasomwa jina kwa jina, mwanzo hadi mwisho, na la kwake halikuwemo. Hoja zilikuwa zilezile tunazozirudia leo: mfupi, yapata sentimita 180, hana mbio. Hakufichwa kijijini huyu.

2001 akaenda Box Hill, klabu ya VFL, ligi iliyo chini ya AFL, akaingia kati ya watu wazima wenye ndevu na kazi za mchana. Nataka tukae hapa, maana ndipo kila kitu kilipoonekana. Mwamuzi anaudunda mpira, warefu wawili wanaruka, mmoja anaubofya chini. Kiungo wa kawaida anayetumia mguu wa kulia ana njia moja ya kutokea, na mkabaji mwenye akili anaijua: anasimama kwenye nyonga yake ya kulia na kumsukumia kushoto. Akielekea kushoto itambidi ageuke ili apate mguu wake. Kugeuka ni nusu sekunde, na nusu sekunde pale katikati ni mikono miwili kiunoni, mtu chini, filimbi. Mitchell alikuwa hana nyonga ya kusimamia. Ukimziba kulia alitoka kushoto, na teke la kushoto lilikuwa sawa na la kulia, la chini, lenye mzunguko safi. Mkabaji analazimika kubahatisha. Anayebahatisha anachelewa, na huyu “asiye na mbio” anaondoka na hatua mbili za bure bila kukimbia kwa kasi hata mara moja.

Saa ya mkononi haipimi hilo. Hakuna kipimo ukumbini cha mtu anayejua mpira utaangukia wapi kabla haujabofywa. Lakini aliyekaa Box Hill na karatasi yake, akahesabu kushoto na kulia, angeliona kufikia wiki ya tatu. Mwaka ule Box Hill wakatwaa ubingwa wa VFL. Ikaja drafti ya Novemba 2001, hii ambayo watu wameipamba majina yote ya sifa. Luke Hodge wa kwanza, Luke Ball wa pili, Chris Judd wa tatu. Yakasomwa majina 35 ndipo Hawthorn wakamtaja Mitchell, wa 36.

Angalieni na jinsi chaguo lile lilivyofika Hawthorn. Fremantle walimaliza mkiani mwaka ule, na chaguo la 1, la 20 na la 36 yalikuwa yao. Waliyatoa yote matatu ili wawapate Trent Croad na Luke McPharlin. Mashabiki walibishania la 1. Hodge au Judd, ndiyo ilikuwa gumzo nzima. La 36 lilikuwa nyongeza tu, kama limau juu ya samaki. Nyongeza hiyo ikatwaa tuzo ya kijana bora wa ligi 2003, ikaiongoza Hawthorn kama nahodha kwenye ubingwa wa 2008, na ikapata medali ya Brownlow ya 2012, ile ya mchezaji bora wa msimu, iliyokabidhiwa baadaye yeye na Trent Cotchin baada ya mshindi wa awali kuvuliwa. Leo ndiye kocha wa klabu ileile.

Na si yeye peke yake. Kutoka drafti hiyo moja walitoka washindi watano wa Brownlow: Judd wa 3, Jimmy Bartel wa 8, Mitchell wa 36, Gary Ablett mdogo wa 40, Dane Swan wa 58. Ablett nimtoe kwenye hoja kwa haki, kwani Geelong walimpata kwa kanuni ya mtoto kurithi klabu ya baba. Hata ukimtoa, wanabaki wawili waliopatikana kule chini ambako mashabiki wengi tunakuwa tumeshazima televisheni.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshikilia kwamba mwenye chaguo la kwanza amchukue aliyeiva, anayejua mpira, na vipimo vitupwe. Nikimsoma tena Mitchell naona ushahidi wangu unanigeukia. Kama kiungo mwenye akili kama ile alipatikana kwa la 36, na Swan kwa la 58, basi kujua mpira kunapatikana hata bei ikiwa ya chini, kwa mwenye macho. Kisichopatikana kule chini kwa urahisi ni mita mbili za urefu zinazokimbia na kuruka. Na Judd yuleyule wa 2001 alikuwa na mbio za kutisha. Watu waliingiwa na wasiwasi juu ya mabega yake, akashuka hadi la tatu, na Brownlow alizichukua mbili, 2004 na 2010. Saa haikudanganya kuhusu Judd.

Halafu kuna Aliir Aliir, ambaye kwetu Waswahili haifai apitwe kimyakimya, kwani alizaliwa kambini Kakuma, Turkana. Mchezo huu aliukuta akiwa kijana tayari. Ungemfuata na karatasi yangu ya mambo matatu angefeli mawili, kwa sababu alikuwa bado anajifunza wapi pa kusimama. Alichukuliwa na Sydney mwaka 2013 kwa chaguo la 44, akitokea East Fremantle. Akacheza mechi yake ya kwanza 2016, na 2021, akiwa beki wa Port Adelaide, akaingia kikosi bora cha ligi nzima. Ukimtazama sasa akiacha mtu wake na kukimbilia mpira wa juu usio wake, akaudaka, unaona kusoma mchezo kulikokuja baadaye, juu ya mwili uliokuwepo tangu mwanzo. Kusoma mchezo kumbe hufundishika, angalau kwa wengine. Urefu haufundishiki.

Mtaniambia: naye si alipatikana kwa la 44? Ni kweli, na hoja yangu mpya inachechemea hapo. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna aliyekosa kuuona urefu wake. Walichoshindwa ni kuwa na subira. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliingizwa North Melbourne kupitia drafti ya wanagenzi ya 2009, na mechi ya kwanza akaicheza 2013, teke lake la kwanza likawa goli. Hiyo ni misimu mitatu mizima ya kusubiri. Warefu wanachelewa kwa sababu mifupa hutangulia, misuli hufuata nyuma, na mtu wa mita mbili mwenye kiuno chembamba huondolewa mahali pake kabla mpira haujafika.

Ndiyo maana yaliyompata Jack Watts yananiuma mpaka leo. Melbourne walimchukua wa kwanza 2008, mshambuliaji wa sentimita 196, na Juni 2009 akaingizwa uwanjani MCG dhidi ya Collingwood akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Alipougusa mpira kwa mara ya kwanza, mabeki walimvamia kundi zima. Sisi mashabiki tulihukumu siku ile, na hatukufuta hukumu yetu hata alipofikisha mechi zaidi ya mia. Aliyemfuata, Nic Naitanui wa pili, aliingia kikosi bora cha ligi mara tatu, 2012, 2020 na 2021. Mwenye mwili wa kesho anahitaji kusubiriwa, na Watts alisukumwa.

Kwa hiyo, mhariri, jibu langu kwa swali lenu ni kinyume cha nilivyokusudia. La kwanza nampa mwenye mwili wa kesho, kwa masharti. Awe anadaka kwa mikono iliyonyooshwa mbele, si kwa kuukumbatia mpira kifuani. Teke lake litoke karibu na paja hata kama si refu. Asiwe mzaliwa wa Januari anayewashinda watoto kwa kilo tu. Na klabu iahidi kutomchezesha timu kubwa mpaka aweze kusimama imara akisukumwa na beki wa miaka 27, hata ikichukua misimu mitatu. Likikosekana sharti moja, nabadili, namchukua kiungo aliyeiva bila kusitasita.

Ila la 36 msiliuze. Na tafadhali mwaka huu mtume mtu na karatasi akahesabu miguu, kushoto na kulia, siku ya mvua.